Kabla hujamwagiza mfinyanzi kazi ya nyumbani kwako

Leo nimeziweka kando siasa za kaunti na bei ya samaki. Nataka niwasimulie habari ya ukuta mmoja huko Bamburi uliokaribia kutugombanisha familia nzima, na katika habari hiyo mkosaji wa kwanza ni mimi mwenyewe. Naisimulia kwa sababu watu wa Pwani tunajenga sana siku hizi, na wengi tumechoka na taili za dukani zinazofanana nyumba hadi nyumba. Mwenye uwezo anamtafuta fundi amfanyie kitu chake peke yake. Ni jambo zuri, lakini lina njia zake, na asiyezijua hujuta.

Dadangu mkubwa na mumewe wameishi Mascat miaka mingi. Nyumba yao ilipokaribia kumalizika, dada alinipigia simu akasema ukuta unaotazamana na mlango wa mbele asiuguse mtu. Alikuwa na picha ya zamani ya mlango wa nyumba ya babu yetu, Mji wa Kale. Nyumba ile iliuzwa warithi walipogawana, na mlango ukaenda na mnunuzi. "Nataka nakshi za ule mlango zichorwe juu ya vigae, buluu na nyeupe," akaniambia. "Baba akija kwangu azione."

Baba yetu amepita miaka 80. Nikasema inshallah, hilo niachie mimi.

Nilimjua kijana mmoja mfinyanzi, mtoto wa rafiki yangu niliyesoma naye. Ana karakana na tanuri la gesi nyuma ya nyumba ya mamake. Tukakubaliana vigae 48, vinane kwa upana na sita kwa urefu, kila kimoja sentimita 20 kwa 20. Bei shilingi 180,000, nusu arubuni na nusu kazi ikiisha. Mapatano yote yalifanyika kwa simu na kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Mimi ndiye niliyekuwa katikati, nikimwambia huyu na kumrudishia yule. Karatasi hatukuandika hata moja.

Baada ya miezi minne vigae vikaletwa na kupangwa sakafuni ili shemeji avione. Nilimtazama uso nikajua mambo yameharibika. Buluu ilikuwa imeelekea kijani. Upana uliotakiwa kuwa sentimita 160 ulikuwa kama 154, na pale ukutani fundi mwashi alikwisha kuacha nafasi ya 160 kamili. Vigae vitatu vilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Mimi sikuagiza hiki," shemeji akasema. "Arubuni yangu irudi."

Kijana akanigeukia mimi. "Ami, arubuni ndiyo gesi, na gesi imeshaungua. Nirudishe nini?"

Dada akaanza kulia, shemeji akatoka nje, na mimi nikabaki na vigae 48 na jina langu.

Nilichokiona karakana

Siku ya pili nilikwenda kwa kijana, si kwa kugomba, bali anieleze. Nilikaa tangu asubuhi hadi adhuhuri. Niliyojifunza pale ningeyajua mapema, haya yasingetufika.

Kwanza, udongo hupungua. Udongo mbichi una maji ndani yake. Ukikauka maji hutoka, chembe zikakaribiana. Ukichomwa zinakaribiana zaidi. Udongo mwingi wa kazi hii hupungua kiasi cha asilimia 10 hadi 12 tangu ubichi hadi kutoka tanurini, na mwingine huzidi hapo. Ukitaka kigae cha sentimita 20, na udongo wako hupungua asilimia 10, itakubidi ukikate kikiwa sentimita 22.2. Kijana alifanya hivyo. Lakini udongo wake wa zamani ulikuwa umekwisha, akanunua mwingine, na huo mpya ukapungua zaidi ya asilimia 13. Kila kigae kikapoteza chini ya sentimita moja tu. Panga vigae vinane, ule upungufu mdogo unakuwa pengo la sentimita sita.

Pili, rangi ya mfinyanzi si kama rangi ya ukuta. Mpaka rangi anatumbukiza brashi katika buluu, akipaka ni buluu. Mfinyanzi hupaka kitu kingine kabisa, na moto ndio unaotoa rangi. Buluu ile maarufu ya vyombo vya Kichina hutokana na madini ya kobalti. Leo kobalti nyingi zaidi duniani inachimbwa Kongo, kwa ndugu zetu wasemao Kiswahili cha Kolwezi na Lubumbashi. Kijana alinionyesha mkebe: unga mweusi ti, huwezi kudhani una buluu ndani yake. Kiasi kidogo mno chake, chini ya sehemu moja katika mia, chatosha kutia buluu iliyokolea. Shaba hutoa kijani ikichomwa kwa hewa tele, na ikinyimwa hewa inaweza kugeuka nyekundu. Chuma hutoa manjano, kahawia na hata weusi. Dada aliomba "buluu ya bahari". Kijana akatia shaba kidogo ndani ya kobalti ili buluu isiwe kali, na shaba ikavuta kuliko alivyodhani. Swali nililojiuliza ni hili: bahari ipi? Ya Mascat aliyokuwa akiitazama dada dirishani, au ya Bamburi anayoiona kijana kila siku?

Tatu, moto. Kigae huchomwa mara mbili. Mara ya kwanza ni kwenye nyuzi 900 hadi 1000 hivi za sentigredi, kiwe kigumu lakini bado kinanywa maji. Kisha hupakwa ile ngozi ya kioo inayong'aa, wenyewe wanaiita glezi, na kurudishwa motoni. Kwa udongo wa kawaida moto huu wa pili hufika nyuzi 1000 hadi 1150. Kwa udongo mgumu hupanda hadi 1200 na 1300. Baada ya hapo tanuri lapasa kuachwa lipoe lenyewe, siku nzima au zaidi. Ukilifungua kabla ya wakati wake, ubaridi unaingia ghafla na vigae vinapasuka.

"Sasa kwa nini ulilifungua mapema?" nikamuuliza.

Kijana akainama. "Ami, mulikuwa munanipigia simu kila siku. Mulisema shemeji ana tikiti ya kurudi."

Sikuwa na la kujibu. Ni kweli, mimi ndiye niliyempigia.

Kisha kuna hewa yetu ya Pwani. Kigae kibichi kikikauka upande mmoja haraka kuliko mwingine hujikunja kama papadi. Inambidi mfinyanzi avilaze vigae baina ya mbao na kuvigeuza, na msimu wa masika kazi hiyo huchukua wiki na wiki. Akiingiza tanurini udongo ambao haujakauka ndani, maji yanageuka mvuke na kigae kinalipuka, pengine kikavunja na jirani zake. Kwa hivyo fundi anaposema bado, mara nyingi si uvivu.

Nilipopiga hesabu njiani nikirudi, nikaona makosa matatu yana wenyewe watatu. Kipimo kilikuwa kosa la kijana, kwa sababu hakuujaribu udongo mpya. Nyufa zilikuwa kosa letu tuliomharakisha. Na rangi ilikuwa kosa la mapatano yenyewe, kwa kuwa hakuna aliyeomba kuona kipande cha mfano wala aliyekitoa.

Tajiri wa London na mfinyanzi wake

Nikataka kujua kama wenzetu waliotutangulia yaliwafika kama haya. Kisa nilichokikuta kina mkono wake hadi huku kwetu.

London, katika mtaa wa Holland Park, ipo nyumba ya mchoraji Frederic Leighton, aliyezaliwa mwaka 1830 na kufariki 1896. Leo ni makumbusho. Mwaka 1877 Leighton alianza kuiongezea nyumba yake ukumbi wenye kuba, chemchemi katikati na kuta zilizofunikwa vigae, unaojulikana kama Ukumbi wa Waarabu. Msanifu wake alikuwa George Aitchison, na kielelezo chao kilikuwa kasri la La Zisa mjini Palermo, Sicilia, jengo la karne ya 12 lenye sanaa ya Kiislamu. Vigae vingi vilitoka Dameski. Mmoja wa waliomsaidia kuvitafuta ni Richard Burton. Jina hilo si geni kwetu: alifika Unguja Desemba 1856 na Mombasa Januari 1857, kabla ya safari zake za bara. Baadaye, kati ya 1869 na 1871, alikuwa balozi mdogo wa Uingereza huko Dameski.

Vigae vya kale vilipofika havikutosha, na vingine vilikuwa vimevunjika. Akaitwa mfinyanzi William De Morgan avipange, atengeneze vingine vya kuziba mapengo ambavyo jicho lisivitofautishe na vya zamani, na afinyange vigae vya rangi ya feruzi kwa sehemu ya kuingilia. Fikiria ugumu wake: kuifuata rangi iliyotoka katika tanuri la kuni la Sham miaka mia tatu nyuma, kwa udongo mwingine, moto mwingine na nchi nyingine. De Morgan alikuwa mtu wa majaribio mengi, na kazi aliiweza. Lakini waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba ilimtia hasara, naye hakumwambia Leighton. Biashara yake ya ufinyanzi haikuwahi kumtajirisha. Aliifunga mwaka 1907, miaka kumi kabla ya kufa kwake. Leo vigae vyake vinawekwa katika makumbusho. Wazee walisema mfinyanzi hulia gaeni.

Kisa hiki nilikitafakari sana. Leighton hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkarimu na alipenda kazi ya De Morgan. Lakini mwenye kuagiza anaweza kumdhulumu fundi bila kujua, kwa sababu fundi ameona haya kusema bei halisi na yeye hakuuliza.

Kuna jambo jingine. Vile vigae vya Dameski vilikuwa vya kuta za watu. Kama ulivyokuwa mlango wa babu yetu. Milango yetu ya nakshi, viti vya enzi, hata mabakuli yaliyokuwa makaburini yamekwenda njia hiyo hiyo. Kwa hivyo nikasema moyoni, dada yangu hakukosea hata kidogo. Kumpa kazi kijana wa leo ni heri kuliko kununua kilichong'olewa nyumbani kwa mtu.

Wazee wetu waliagiza nini?

Kauri katika nyumba si ugeni kwetu. Ukienda Gede utaona nyumba ambazo wachimbuzi wa mambo ya kale walizipa majina kwa vitu walivyovikuta ndani, na mojawapo inaitwa Nyumba ya Bakuli la Kauri. Huko Mambrui, na Kunduchi upande wa Tanzania, kuna makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa mabakuli na sahani za kauri zilizopachikwa kwenye chokaa. Na Lamu, nyumba kubwa za mawe za karne ya 18 zina zidaka katika chumba cha ndani, safu juu ya safu, zilizochongwa kwa chokaa ili vyombo vya kauri vikae humo.

Wengi tunadhani fahari ilikuwa ya chombo cha Kichina. Mimi naona fahari ya mwenye nyumba ilikuwa pia ukutani. Chombo kilikuja na jahazi kimekwisha tengenezwa. Mwenye nyumba alichagua katika vilivyopo. Kazi aliyoagiza yeye mwenyewe, kwa kipimo chake na kwa fundi wa mji wake, ilikuwa zile zidaka. Fundi alikuwa jirani, na mwenye nyumba aliweza kupita kila asubuhi akaona nakshi inavyokwenda. Jambo baya angelikataza siku ile ile, chokaa ingali mbichi. Udongo uwahi ungali maji, na chokaa ni vivyo hivyo.

Aliyeagiza kwa mbali alikuwa na shida kama ya dada yangu. Karne ile ile ya 18, familia za Ulaya zilikuwa zikipeleka michoro ya nembo zao hadi Canton, Uchina, ili ichorwe juu ya sahani. Kungojea kulichukua kama miaka miwili. Zipo sahani zinazojulikana hadi leo ambazo mchoraji wa Kichina, asiyejua lugha ya mteja, alinakili kila kitu kilichokuwa katika karatasi, pamoja na yale maneno ya pembeni yaliyosema hapa patiwe nyekundu, hapa buluu. Sahani zikafika zimeandikwa majina ya rangi! Usiwacheke. Mimi na ujumbe wangu wa sauti nilifanya yale yale.

Dini inasemaje

Nilipokwama nilimwendea ustadhi wetu mmoja baada ya swala ya alasiri, nikamweleza. Aliniuliza swali moja tu: "Mliandika?"

Nikasema hapana. Akatikisa kichwa, akanikumbusha aya ya 282 ya Suratul Baqara, ile ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ambayo inawaagiza waumini kuandika wanapokopeshana kwa muda maalumu. Aya yote hiyo, akasema, na sisi tunaona kumwambia jamaa tuandike ni kumvunjia heshima.

Kisha akanifundisha jambo ambalo sikuwa nimelisoma madrasa. Mapatano ya kumwagiza fundi akutengenezee kitu ambacho bado hakipo yana jina lake katika fiqhi: istisnaa. Mahanafi waliyakubali tangu zamani kama mapatano yanayojitegemea. Sisi wa Pwani, ambao wengi ni Mashafii, vitabu vyetu huyapeleka katika mlango wa salam, yaani kununua kitu cha baadaye kwa sifa zinazojulikana, na salam sharti lake ni bei yote itolewe pale pale mnapopatana. Lakini Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilipokutana Jeddah mwaka 1992 liliyapitisha mapatano ya istisnaa: yanawafunga wote wawili, na bei inaweza kutolewa kwa mafungu. Masharti yake ni kwamba kitu kielezwe aina yake, sifa zake na kiasi chake, na muda wa kukitoa ujulikane. Wanaweza hata kuweka faini ya kuchelewa wakikubaliana, isipokuwa fundi akizuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake.

"Sasa niambie," ustadhi akasema, "hiyo buluu yenu mliieleza sifa yake?"

Nikanyamaza.

"Basi usimwambie kijana amevunja mapatano. Mapatano ya rangi hayakuwapo."

Mambo ya kuafikiana kabla ya udongo kukandwa

Kwa niliyoyapata karakana na msikitini, haya ndiyo ninayowaambia sasa wanaoniuliza.

Mfano wa rangi. Mwombe mfinyanzi vipande vidogo vitatu au vinne vilivyochomwa katika tanuri lake, kwa udongo wake, na glezi yake. Chagua kimoja. Andikeni nyuma yake tarehe, muweke sahihi, na kila mmoja akae na chake. Jueni pia kwamba hata hivyo rangi itatofautiana kidogo, kwa sababu vigae 48 havitoshi katika tanuri dogo. Vyetu vilichomwa kwa mafungu manne, na kila moto una tabia yake. Asiyeweza kuvumilia tofauti hiyo anunue taili za kiwandani. Na mvipe vipande hivyo malipo yake mbali, hata kama hamtaendelea na kazi.

Kipimo. Andikeni kipimo cha kigae kikiwa kimekwisha chomwa, na ni kiasi gani kinaweza kuzidi au kupungua. Fundi mwashi asiache nafasi ukutani mpaka vigae vimetoka tanurini na kupimwa.

Vya akiba. Vigae huvunjika tanurini, njiani na mkononi mwa fundi wa kubandika. Agiza vya ziada, angalau kimoja katika kila kumi, na ulipie. Miaka kumi baadaye kimoja kikivunjika hutapata rangi ile tena.

Malipo. Bei ya kazi hii si udongo. Ni gesi, ni majaribio, ni vilivyoharibika ambavyo hukuviona, na ni siku za mtu. Mafungu matatu ni bora kuliko mawili: fungu la mchoro na vipande vya mfano, fungu vigae vikitoka moto wa kwanza, na la mwisho vikifika nyumbani. Hapo kati pana nafasi ya kutazamana kabla mambo hayajaharibika. Muulize fundi wazi: bei hii inakutosha? Akisita, pigeni hesabu upya.

Muda. Ongeza wiki kadhaa kwa ajili ya mvua. Na ukishakubali muda, usimpigie simu kila siku.

Picha na maandishi. Wengi wetu hatuweki picha za viumbe wenye roho ndani ya nyumba. Mwambie fundi mapema, asije akakuchorea ndege katikati ya majani. Ukitaka aya, fikiria kwanza ukuta wenyewe, usiwe wa upande wa choo wala mahali pa kurushiwa maji machafu. Na kabla ya moto wa mwisho, mlete mtu anayesoma vizuri akague herufi moja moja. Nukta ikikosekana kabla ya moto ni kazi ya brashi. Baada ya moto ni kazi ya nyundo.

Ukuta. Kuta zetu zina chumvi. Ikiwa mchanga au maji ya kujengea yalikuwa na chumvi, au unyevu unapanda kutoka ardhini, chumvi hutoka kama unga mweupe na kusukuma plasta na vigae. Acha ukuta mpya ukauke miezi kadhaa. Njia niliyoipenda zaidi ni kubandika vigae juu ya ubao maalumu usioharibiwa na maji, kisha ubao ukafungwa ukutani kwa skrubu. Siku nyumba ikiuzwa, au warithi wakigawana, kazi inashuka salama na kwenda na mwenyewe. Sisi wa nyumba ya babu tunajua maana ya maneno hayo.

Mali bila daftari huisha bila habari. Haya yote ni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, sahihi mbili na mashahidi wawili.

Tulivyomaliza

Tulikaa Ijumaa baada ya swala, sebuleni kwa dada, mimi, shemeji, kijana na babake. Nilianza mimi kwa kukiri makosa yangu. Kijana naye akakiri la kipimo kabla hajaulizwa. Shemeji, ambaye alikuja na uso wa kesi, akalainika alipoona hakuna anayebishana naye.

Tulipatana hivi. Vigae vitatu vyenye ufa kijana atavifinyanga upya, gesi nikailipia mimi kutoka mfukoni mwangu. Pengo la ukutani likazibwa kwa fremu ya mvule iliyochongwa na fundi wa hapa hapa Mombasa, na kijana akatoa nusu ya gharama yake. Rangi ikakubaliwa ilivyo, na bakaa ya shilingi 90,000 ikalipwa: nusu siku ile, na nusu vilipofika vile vitatu. Ukweli ni kwamba fremu ile imeipendeza kazi kuliko ingalivyokuwa bila yake, lakini hilo ni bahati, siwezi kukufundisha.

Siku ya kumleta Baba tulimkalisha kwenye kiti mbele ya ukuta. Macho yake hayaoni vizuri, akaomba asogezwe karibu. Akapapasa yale maua na ile mikufu ya pembeni kwa kidole, polepole, kigae baada ya kigae. Dada alikuwa amesimama nyuma yake hapumui.

"Mnagombania buluu na kijani," Baba akasema. "Mlango wa baba ulikuwa wa msaji. Haukuwa na rangi."

Tukacheka sote, hata shemeji. Kisha Baba akauliza yule mtoto aliyechonga yuko wapi, aje amsalimie. Kijana alikuwa amekaa nje barazani, hakujua kama inafaa aingie. Nikaenda kumwita.